Viatu Visivyochukuliwa

Ilka Vadász aliileta ndani ya kapu la nguo chafu,
imefunikwa taulo, kama mtoto mwenye homa.
Theluji ya Szeged ilikuwa bado mabegani mwake.
"Ya baba," alisema. "Inawaka, kisha inaguna tu."
Nikamwambia aketi. Hakuvua koti.

Nilianza na umeme, maana fundi asiyeanza na umeme
huishia kulaumu mizimu.
Volti tano, sawa. Kumi na mbili, pungufu kidogo.
Kapasita mbili zimevuja, zinanuka samaki wa juzi;
nikazing'oa, nikalehemu mpya,
nikafuta matapishi ya betri kwa siki na mswaki wa zamani.
Tukawasha.

Skrini ikaja na rangi yake ya maji ya mchele.
Katikati, picha ya diski na alama ya kuuliza,
inapepesa, inapepesa,
mfano wa mzee aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.

Nikatega sikio.
Diski nzima huimba kwa pua, kisha hunong'ona.
Hii ilipanda vizuri, wiii, ikashika kasi,
halafu

tk.

Kimya. Tk. Ikajizima kama aliyeona haya.

"Imekufa?"
"Imekwama. Kufa na kukwama ni ndugu, si pacha."

Wapo watakaokwambia uipige kofi.
Wapo watakaokwambia uilaze kwenye friza na mbaazi, usiku kucha.
Mimi niliwahi kuilaza moja.
Asubuhi nilikuwa na diski baridi.

Ndani mna kipande cha mpira, kidogo kama punje ya mtama,
kazi yake kuuzuia mkono usigonge ukuta.
Miaka thelathini na ushei, mpira nao huchoka,
hulegea, hugeuka ulimbo.
Mkono hurudi pale kulala kila jioni, kwa mazoea,
na asubuhi moja hauruki tena.

Kuifungua ni dhambi; hivyo ndivyo walivyotufunza
kiwandani, tukiwa bado na kiwanda.
Chembe moja ya vumbi, ndogo kuliko uongo wa adabu,
yatosha kuchimba shimo lisilofukika.
Nikafungulia maji ya moto bafuni
mpaka mvuke ukalifukuza vumbi hewani.
Tukaingia, mimi na mgonjwa, na Ilka na tochi.
Humo ndimo alimovua koti.

Skrubu sita. Kifuniko.
Sahani iling'aa hata nikaona pua yangu, na nyuma yake
jicho la Ilka, halipepesi.
Nikausukuma mkono kwa kijiti cha meno, taratibu, taratibu.
Ulimbo ukavutika uzi, kama mlenda,
ukavutika,
ukakatika.
Pale penye ulimbo nikavisha kipande cha mrija wa soda.
Usicheke. Kimeshika.

Wiii. Tk—
na baada ya tk, mnong'ono.

Nikanakili kila kitu mara mbili, haraka, bila kusoma,
maana mwenye kovu usidhani kapoa.
Kisha tukasoma.

Hapakuwa na wasia. Hapakuwa na barua.
Baba alikuwa fundi viatu wa mtaa wa nyuma ya soko,
na faili lake kubwa liliitwa HAVIJACHUKULIWA:

Bodnár Rezső, kahawia, visigino. Amelipa nusu.
Mjane Csonka, buti za manyoya, zipu.
Padri, vyeusi, tena.
Mtu wa gesi, sikumuuliza jina.

Na mbele, chini ya kasisi mwingine na msusi mmoja:
Ilka, vyekundu vya kudansia, soli ya kushoto. Tayari. Atapita.

Aliusoma mstari huo kwa kidole, kwenye kioo.
"Nilinunua vingine," akasema. "Budapest."

Akauliza bei. Nikamtajia ya kapasita.

Jioni, kwa udadisi tu, niliiwasha tena.
Wiii.

Tk.